Piza Imechelewa, Imepoa au Siyo Uliyoagiza: Fanya Hivi

Jumanne jioni, foleni katika mikahawa mingi ya piza jijini Nairobi hufika mlangoni. Ni siku ya ofa, ununue moja upewe ya pili bure. Tanuri ni lile lile la siku zote, oda za simu zinaingia bila kukoma, na waliosimama kaunta wanazidi kungoja. Unaambiwa dakika 20, inapita saa nzima. Ukiuliza, unajibiwa kwa mkato. Ukifungua boksi nyumbani, jibini imeganda na kuku uliyemwagiza hayumo. Wengi wetu hula tu tukanyamaza, au tunamfokea msichana wa kaunta kisha tunaondoka. Njia zote mbili hazikurudishii hata shilingi. Ipo njia nyingine, na hatua zake za mwanzo hazina gharama.

Kwanza, je, sheria inakutambua? Ndiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji, yaani mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake, haki ya kupata kitu chenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, kulindwa afya yake, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inafafanua haki hizo. Na usikubali kuambiwa kwamba piza ya ofa haina malalamiko. Umeilipia, na haki zako ni zile zile.

Hata hivyo, elewa mipaka. Hakuna sheria inayosema piza ifike kwa dakika ngapi, wala ukali wa mhudumu peke yake hautakupatia fidia. Kinachopimwa ni ahadi: uliambiwa utapewa nini, lini na kwa bei gani, kisha ukapewa nini. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha ahadi ile ina ushahidi.

Anza kabla ya kulipa. Uliza mambo matatu na usione haya: itachukua muda gani, bei yote pamoja ni ngapi, na oda yangu ni namba gani. Neno "yote" lina uzito wake. Kuna mikahawa inayotoza boksi, mingine ada ya huduma, mingine ada ya kuletewa, na unakuja kuyaona hayo kwenye risiti wakati pesa imeshatoka. Sheria ya Ushindani ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kujulishwa malipo yote anayokusudiwa kutozwa, yaitwe kwa jina lolote lile. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, uhakikishe ni la mkahawa. Usitume pesa kwa namba ya mhudumu hata ukiambiwa ile ya mkahawa haifanyi kazi. Kesho mkahawa utasema haukupokea kitu. Kisha chukua risiti. Ina tarehe, saa, tawi na bei, na hiyo ndiyo karatasi itakayokutetea kila mahali utakapokwenda.

Huenda ukaambiwa saizi kubwa imeisha, upewe mbili ndogo badala yake. Piga hesabu kwanza. Piza ya inchi 12 ina eneo la inchi za mraba 113 hivi, ilhali mbili za inchi 8 zikijumlishwa hazifiki 101. Umepunjwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya chakula chako. Una haki ya kukataa, au kuomba bei ipunguzwe.

Sasa oda imeharibika. Uanzie wapi? Anzia pale pale kaunta, kabla hujala. Fungua boksi mbele yao. Ukila nusu kisha ulalamike kwamba ilikuwa baridi, umejidhoofisha mwenyewe. Piga picha ya piza na ya risiti, kisha omba kuonana na meneja wa zamu. Mara nyingi keshia hana ruhusa ya kurudisha pesa wala kubadilisha oda, na mara nyingi hajahusika na kilichotokea jikoni. Ukimgombeza, utamfanya ajitetee badala ya kukusaidia. Naye ni mtu aliyesimama kwa miguu tangu asubuhi. Sema naye kwa heshima, lakini usiondoke bila kumwona mwenye uamuzi.

Ukifika kwa meneja, eleza kwa ufupi kisha taja unachotaka. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanasimulia ubaya wote wa mkahawa tangu mwaka jana, na meneja anaomba radhi, basi yameisha. Amua kabla hujafungua mdomo: unataka piza nyingine, au pesa zako, au kilichokosekana kiongezwe? Sema, "Niliagiza ya kuku, nimepewa ya mboga. Naomba mnitengenezee nyingine sasa, au mnirudishie pesa." Akikupa vocha, yaani hati ya kununulia siku nyingine, unaweza kuikubali ikikufaa, lakini uliza inaisha lini na kama inatumika siku za ofa. Akiahidi kukutumia pesa baadaye, mwombe aandike kiasi, tarehe na jina lake nyuma ya risiti.

Kwa oda ya kuletewa, fungua boksi mlangoni kabla mwendesha bodaboda hajaondoka. Kama si yako, mpigie mkahawa simu huku yeye akiwa bado yupo. Kama uliagiza kupitia programu ya simu kama Glovo au Uber Eats, peleka lalamiko ndani ya programu hiyo, kwenye sehemu ya msaada ya oda ile ile, na uambatanishe picha. Fanya hivyo usiku ule ule. Ukingoja hadi kesho, wataanza kuuliza ulikuwa wapi.

Meneja akikupuuza, andikia makao makuu ya mkahawa. Kampuni nyingi za piza zina matawi kadhaa, na anayesimamia yote hujali jina la kampuni kuliko aliyechoka tawini. Barua pepe au ujumbe mfupi unatosha: "Tarehe fulani nilinunua piza kubwa tawi lenu la mahali fulani, oda namba fulani, kwa shilingi 1,400. Niliahidiwa dakika 30, nikapewa baada ya dakika 80 ikiwa imepoa. Nimeongea na meneja, hakunisaidia. Naomba nirudishiwe pesa zangu ndani ya siku saba." Weka picha na risiti. Usitukane, kwa sababu ujumbe huo huenda ukasomwa na watu wengine baadaye.

Kama tatizo ni tumbo, hilo ni jambo jingine na usilicheleweshe. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye joto la kutosha au friji, na piza ya kuku au nyama iliyoachwa juu ya meza inaweza kukuangusha vibaya. Ukianza kutapika au kuharisha, nenda kituo cha afya, mweleze daktari ulikula nini na saa ngapi, na uhifadhi karatasi za matibabu. Mabaki usiyatupe. Yafunge vizuri uyaweke kwenye friji. Kisha toa taarifa kwa afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo, ambaye kazi yake ni kukagua usafi wa vyakula. Kutoa taarifa ni bure. Ana mamlaka ya kuingia jikoni, kuchukua sampuli ya chakula, na kuangalia vyeti vya afya vya wapishi, ambavyo hutakiwa kufanywa upya kila miezi sita. Hata ukitaka kusamehe shilingi zako, hili usilisamehe. Jirani yako atanunua piza jiko lile lile kesho.

Je, uandike mtandaoni? Unaweza, na mara nyingine kampuni hujibu haraka zaidi huko. Andika yaliyotokea tu, kwa tarehe na tawi. Usiandike kwamba "wanawalisha watu sumu" ilhali hakuna kilichopimwa, na usiweke picha ya uso wa mhudumu. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, na sheria inailinda kwa pande zote. Mwaka 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria hiyo ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakusaidia pia kama uliacha namba ya simu ili uletewe piza, na sasa unaletewa matangazo usiku na mchana. Waandikie waache. Wasipoacha, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, bila ada.

Kama umedanganywa, kwa mfano tangazo lilisema bei hii ukatozwa nyingine, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Huhitaji wakili wala malipo. Taasisi hii ina nguvu hasa pale wateja wengi wanapolalamikia jambo moja, kwa hiyo ukiwajua wenzako waliotozwa hivyo hivyo, waambie nao waandike.

Ya mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Kwa piza moja ya shilingi 1,400, kusema kweli, sikushauri. Nauli, ada ya kufungua kesi na siku utakazokosa kazini zitazidi unachodai. Lakini kama uliagiza piza 40 za sherehe ya ofisi, ukalipa zote kimbele na zisifike, au ulilazwa kwa sababu ya chakula kilichoharibika, hapo panafaa. Beba risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha, karatasi za hospitali kama zipo, na nakala ya barua uliyoandikia makao makuu. Ulizia dawati la kufungulia kesi, na ueleze madai yako kwa Kiswahili.