Mtoto Anayejijeruhi: Upi Wajibu wa Wazee Wake?

Jamaa zetu wengi wa pwani wamehamia Nairobi kutafuta riziki, na wako waliokaa mitaa kama Tassia, huko Embakasi, penye magorofa yaliyosongamana. Baba hutoka alfajiri, mama naye yuko kazini. Mtoto wa miaka 13 hurudi skuli akajifungulia mlango mwenyewe. Nyanya na shangazi wa kumsikiliza wako mbali. Uchungu ukimzidi, huenda akaujeruhi mwili wake kwa siri.

Mzazi akigundua, wengine humwambia mtoto ana jini, wengine kuwa ataka kudekezwa. Naye hushika fimbo. Twasema: yote hayo ni makosa. Mara nyingi mtoto huyo hakusudii kufa. Atafuta kutuliza maumivu ya moyo asiyoyapatia maneno. Hata hivyo asipuuzwe, kwani hatari ya kujiua baadaye ni kubwa zaidi kwake kuliko kwa wenziwe.

Sababu ni nyingi, na aghalabu hukutana: huzuni iliyogeuka maradhi, kufiwa, ugomvi wa wazazi, kudhulumiwa, kuonewa skuli, na ulimi mkali nyumbani. Uharamu wa kuidhuru nafsi kila mwanafunzi wa chuoni aujua. Lakini mgonjwa hutibiwa kwanza, halaumiwi.

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kuwa kifungu hicho chapingana na katiba. Ikiwa mahakama imeiweka chini fimbo yake kwa aliyetaka kufa, yafaaje mzazi kumwinulia yake mtoto aliyejijeruhi?

Basi mwulizeni kwa upole, faraghani. Kumwuliza habari za kufa hakumtii wazo hilo; humfungulia mlango wa kusema. Viondoeni vitu vya hatari. Akitaja kufa, msimwache peke yake; mpelekeni hospitali upesi, kama ile ya Mama Lucy Kibaki iliyo huko huko Eastlands. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo.

Kisha wazee tujitazame wenyewe: ni lini mara ya mwisho tulipoketi na mtoto, tukanyamaza, naye akasema?