Mali ya Shirika na Msaada wa Matibabu

Katika somo la uraia muhula huu niliulizwa swali zuri na wanafunzi: je, mtu mwenye nyumba aweza kuhesabiwa kuwa maskini? Na kama nyumba ile si yake peke yake, bali ni yake na nduguze, serikali itasemaje? Nimeona yafaa kulijibu hapa, ili wazazi nao wapate kulisoma. Nitatwaa mfano wa Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limeandikwa wazi katika sheria, tena watu wetu wengi wamehamia huko.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha mipango miwili. Wa kwanza ni Medicare, ambao hasa ni wa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, nao hauulizi mtu ana mali gani. Wa pili ni Medicaid, wa watu wenye kipato kidogo. Gharama zake hulipwa na serikali kuu pamoja na majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake chini ya sheria ya nchi nzima. Tangu mwaka 2014 watoto, wajawazito na watu wazima wengi hutazamwa kipato tu. Lakini wazee, vipofu na walemavu kwa kawaida huulizwa pia habari za mali. Jambo hili huwagusa sana wazee wanaohitaji kutunzwa siku zote katika nyumba ya wauguzi, maana Medicare hailipii utunzaji wa muda mrefu wa namna hiyo.

Katika majimbo mengi mwombaji asiye na mume au mke huruhusiwa kuwa na mali ya dola 2,000 tu. Nyumba anayokaa kwa kawaida haihesabiwi, ingawa kwa anayeomba kutunzwa muda mrefu thamani yake ina mpaka. Sasa tutazame mali ya shirika.

Kwanza, fedha za benki. Tuseme mama mzee na binti yake wana akaunti moja yenye dola 6,000. Dola 5,000 zimetoka katika mshahara wa binti. Kwa kanuni ya kawaida, zote 6,000 hudhaniwa kuwa za mama, kwa sababu aweza kwenda kuzitoa zote. Basi ombi lake hukataliwa. Lakini dhana hii yaweza kupingwa. Binti akileta hati za mshahara na za benki zinazoonyesha nani aliweka nini, na fedha zikatenganishwa, mama atahesabiwa dola 1,000 zake tu. Hapo twaona kwamba sheria haiulizi tu nani alitia, bali pia nani aweza kutoa.

Pili, ardhi. Hii kwa kawaida huhesabiwa kwa mafungu. Ndugu wanne wakirithi sawasawa shamba la dola 80,000, fungu la kila mmoja ni dola 20,000. Kiasi hicho chapita mpaka. Lakini ikiwa fungu haliwezi kuuzwa kwa sababu idhini ya wenzake yatakiwa kisheria nao wamekataa, au ikiwa kuuza kutamfukuza ndugu anayekaa pale asiye na makao mengine, fungu hilo laweza kuachwa katika hesabu.

Wako watu wanaodhani njia rahisi ni kuwaandikia watoto mali kabla ya kuomba. Hii ni hatari. Kwa wanaoomba kulipiwa nyumba ya wauguzi, majimbo mengi huchunguza miezi 60 iliyopita, na aliyetoa mali bure hunyimwa malipo hayo kwa muda. Hata hivyo, sheria humwachia mtu kumpa nyumba yake ndugu yake mwenye fungu ndani yake, aliyekaa humo angalau mwaka mmoja kabla mgonjwa hajaenda kutunzwa. Vilevile mtoto aliyekaa humo miaka miwili akimuuguza mzazi, hata kuchelewesha kwenda kwake, aweza kupewa.

Hata baada ya kifo hesabu haijaisha. Sheria ya mwaka 1993 huyataka majimbo yadai gharama za utunzaji huo katika mirathi ya aliyehudumiwa akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, ila si wakati mume au mke wake yu hai, wala akiwa na mtoto wa chini ya miaka 21 au mtoto kipofu au mlemavu. Fungu linalomwendea mshirika moja kwa moja kwa kifo cha mwenzake, majimbo mengine huliacha, mengine hulidai.

Kwa maoni yangu sheria hii ina haki na ina ukali. Ina haki, maana fedha za umma zisimlipie mwenye uwezo aliyeficha mali. Ina ukali, maana binti mwenye huruma aliyechanganya mshahara wake na fedha za mamaye aweza kumponza mama asijue. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi penye shirika, kila fungu liandikwe, hati zitunzwe, na ushauri utafutwe kabla ya kubadili majina.

Maswali

1. Ndugu watatu wana kiwanja cha dola 9,000 kwa mafungu sawa. Fungu la mmoja lapita mpaka wa dola 2,000 kwa kiasi gani?
2. Kwa nini fedha za benki na ardhi hazihesabiwi kwa njia moja?
3. Je, ni haki ndugu mmoja kukataa kuuza ilhali mwenzake ni mgonjwa? Toa sababu zako.