Anajua Mpaka Siku Niliyomaliza Deni

Shikamoo Shangazi. Mwaka jana nilikopa laki mbili kwa njia ya simu, nikalipa zote. Mwezi uliopita kampuni ikatutumia meseji kuwa taarifa za wateja zimeibwa. Nikapuuza. Juzi kijana kanipigia, mpole kweli, kanitajia majina yangu matatu, namba ya NIDA, na siku niliyomaliza deni. Eti nilizidisha malipo, nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu anirudishie. Nilikata, ila tangu hapo sina usingizi. Nilijiponza mwenyewe? (Mume wangu hajui kuhusu mkopo huo.)
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hukujiponza. Bila namba ya NIDA wasingekukopesha. Kuitunza ilikuwa kazi yao. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Yapeleke, ingawa usianze kupigia hesabu fidia.

Ubaya wa wizi huu ni kwamba hauchachi. Mwaka 2017 Equifax ya Marekani, kampuni inayoweka rekodi za madeni ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Nywila unaweza kuibadilisha, tarehe ya kuzaliwa utaibadilishaje? Kwa hiyo kijana wako anaweza kurudi hata baada ya miaka mitatu, umeshamsahau.

Tumezoea tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anayerusha jiwe gizani. Huyu ana tochi. Anakupa ukweli wa mambo matatu ili umpe la nne. Lakini angekuwa na kila kitu, angekupigia ya nini? Zile tarakimu sita ndizo alizokosa, na hukumpa.

Leo hii badilisha namba ya siri ya pesa za simu na nywila ya barua pepe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa watoa huduma wako ifungwe. Namba za matapeli zitume 15040. Na siku simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku ya jirani inashika, usikae ukiiwasha na kuizima: huenda laini yako imeshahamishiwa kwa mwingine. Kimbia kwenye duka la mtandao wako.

Sasa hilo la kwenye mabano, ambalo nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Mwambie mumeo. Anayejua deni lako na kujua kwamba unalificha ana kamba ya kukuvutia, na kesho anaweza kudai hela ili anyamaze. Mzee atanuna siku mbili. Akisikia kwa tapeli, atanuna mwaka.

Halafu wapigie wale uliowaandika kuwa wadhamini ulipoomba mkopo. Namba zao zilikuwa kwenye fomu hiyohiyo, nao hawajaambiwa na mtu.