Kuunga picha pana ya shamba: Hugin, ICE, Photoshop au simu tu?

Leo tuache kidogo mbolea na kantangaze, tuongee kuhusu picha. Najua kuna watakaosema bwana shamba amegeuka mpiga picha za harusi. Subirini kwanza mjue kilichonipata.

Mwezi Juni niliwasaidia vijana sita wanaolima nyanya, hoho na chainizi huku Mkuyuni, upande wa ziwani. Walikuwa wanaomba mkopo wa pampu na mipira ya umwagiliaji wa matone. Mkopeshaji akataka, pamoja na karatasi nyingine, picha moja inayoonyesha shamba lote na ziwa lilipo. Sababu ni ile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na tangu maji ya Ziwa Victoria yalivyopanda sana mwaka 2020, na tena 2024, kila mtu anayetoa hela anauliza shamba liko umbali gani na maji.

Nikasimama mwisho wa shamba, ziwa kushoto, matuta kulia. Nikapiga picha 9 kwa simu, kuanzia majini mpaka tuta la mwisho. Kati ya maji na tuta la kwanza kuna kipande kirefu cha matete na nyasi ambacho hakilimwi. Picha nikaziunga kwa programu moja ya bure ya kwenye simu. Dakika moja tu, picha ikatoka safi, ndefu, hakuna alama ya kiungio hata moja. Niliipenda mpaka nikaiweka status.

Ombi likarudi: shamba liko pembeni ya maji, ndani ya mita 60. Mwenyekiti wa kikundi, binti makini kweli, akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole, akaniuliza: "Bwana shamba, matete yetu yamekwenda wapi?"

Yalikuwa yamemezwa. Kwenye picha, maji yanaishia, vinafuata vijani vichache, halafu tuta la nyanya. Tulipopima kwa futi kamba tukapata mita 74 kutoka majini hadi tuta la kwanza. Lakini dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa, na wale vijana wakamwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Mkopeshaji simlaumu, aliamini alichoonyeshwa. Mimi ndiye niliyempa picha ya uongo bila kujua.

Basi nikakaa chini kujifunza. Mimi ni mtu wa diploma ya kilimo, kompyuta nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo nikielewa mimi na wewe utaelewa.

Matete yalimezwaje?

Programu yoyote ya kuunga picha inafanya kazi tatu. Kwanza inatafuta pointi zinazofanana kati ya picha na picha, ili ijue ipi inakaa wapi. Pili, pale picha mbili zinapolaliana, inachagua mahali pa kupitisha mshono. Tatu, inalainisha ule mshono ili jicho lisiuone.

Kwetu kosa lilianzia kwenye kazi ya kwanza. Matete yanafanana yote, na upepo wa ziwa ulikuwa unayayumbisha. Programu ikachukua matete ya picha ya nne ikadhani ndiyo yale ya picha ya sita, ikazibandika pamoja. Picha ya tano yote ikakosa kazi. Maji nayo hayasaidii, maana wimbi halikai mahali pamoja likusubiri upige picha ya pili. Halafu kazi ya tatu ikaja kufuta ushahidi. Kama mshono ungebaki unaonekana, umekatika vibaya kama suruali ya fundi mlevi, ningeshtuka. Lakini ulilainishwa vizuri sana, nikaona kila kitu sawa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa naulizia kitu ambacho siyo. Nilikuwa nauliza programu ipi inaunga bila alama. Karibu zote za leo zinaunga bila alama. Swali la mkulima ni programu ipi inakuonyesha ilichokifanya.

Nilivyoziona

Nikachukua zile zile picha 9 nikaanza kulinganisha kwenye laptopu yangu ya RAM GB 4, inayopiga kelele kama mashine ya kusaga.

Panorama ya kwenye simu, ile ya kuzungusha mkono taratibu, ndiyo rahisi kuliko zote. Inafaa kumwonyesha mteja mzigo wa nyanya ulivyoiva. Tatizo lake ni kwamba kwa kawaida inakubakizia picha moja iliyokwisha kuungwa, zile za asili huzipati. Mtu akipita mbele anaweza kutoka na miguu mitatu au bila kichwa. Ikikosea, huna pa kurudi.

Microsoft ICE iliwahi kupendwa sana na watu wa Windows, na kwa haki. Ni bure, unamwaga picha zote ndani, inaunga yenyewe haraka, na inakuandikia imeunga picha ngapi kati ya ngapi. Huo mstari mmoja ungeniokoa: ukiona 8 kati ya 9, simama. Ina pia chaguo la picha zilizopigwa ukiwa umesimama sehemu moja na chaguo jingine la kamera iliyokuwa inasogea sambamba na kitu. Ubaya ni kwamba Microsoft wameacha kuiendeleza na hawaitoi tena wenyewe. Nakala zinazozagaa mtandaoni hujui nani kaweka nini ndani. Kama unayo ya zamani itumie, kama huna usiitafute kwa nguvu.

Photoshop ni ya kulipia kila mwezi, na kwa picha moja ya shamba sikushauri. Ila ina jambo moja zuri: unaweza kuondoa tiki ya kulainisha, na kila picha inabaki kwenye tabaka lake. Unazima moja, unawasha nyingine, unaona hiki kipande kimetoka picha gani. Kama kuna stationery jirani yako wanayo, walipe wakufanyie, ila simama hapo hapo uangalie matabaka. PTGui nayo ni ya kulipia, na ukiwa kwenye majaribio inachora maandishi yake juu ya picha yako. Wapiga picha wa hoteli wanaisifu, na nadhani wana sababu, lakini mimi sikuona kwa nini mkulima ailipie wakati kuna Hugin.

Hugin ndiyo niliyobaki nayo. Ni bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Siku ya kwanza inachosha, siwafichi, vitufe ni vingi na majina yake hayaeleweki. Lakini inakufungulia picha mbili pembeni kwa pembeni na kukuonyesha kila pointi iliyoziunganisha. Nilipofungua ya nne na ya sita nikacheka peke yangu: pointi kibao, zote kwenye matete! Nikazifuta. Za kwenye maji pia nikazifuta. Za mawinguni ina kifaa chake cha kuzisafisha. Halafu nikaweka za kwangu kwa mkono kwenye vitu visivyotembea: nguzo ya umeme, shina la mwembe, na ile miamba ya kilimani ambayo sisi wa Mwanza Mungu ametujalia. Picha ya tano ikarudi mahali pake na matete yakarudi. Kama picha fulani haijaunganishwa na wenzake, Hugin inakuambia. Na kama mtu alipita katikati, unamchorea eneo la kuzibwa na inachukua kipande hicho kwenye picha nyingine.

Kulainisha, na ile rangi ya njano

Kazi ya kulainisha ndani ya Hugin inafanywa na programu ndogo inayoitwa Enblend. Njia yake ilielezwa na Burt na Adelson mwaka 1983, na ni ya akili sana. Picha inagawanywa katika mambo yanayobadilika polepole, kama mwanga wa anga au rangi ya shamba zima, na mambo madogo makali, kama ukingo wa jani au ufa wa jiwe. Yale ya polepole yanachanganywa kwa upana mkubwa kuvuka mshono. Yale makali yanachanganywa kwa upana mdogo sana. Ndiyo maana anga halionyeshi mstari na majani hayatoki mawili mawili.

Sasa fikiria kama mkulima. Eneo la hoho lililoanza kupauka kidogo, njano hafifu inayoenea matuta matatu manne, ni jambo la aina gani? Ni lile linalobadilika polepole! Likiangukia kwenye mshono, linaweza kusambazwa na kupunguzwa kama vile ni tofauti ya mwanga tu. Na kabla ya hapo simu yenyewe imeshacheza na rangi, maana kila picha inajirekebishia mwanga na rangi kivyake. Ukijumlisha hayo mawili, shamba lenye shida linaweza kutoka kijani kibichi chote, na wewe unanitumia WhatsApp, "Afisa, naona liko poa."

Kwa hiyo picha ya kumwonyesha mnunuzi, lainisha upendavyo. Picha ya kutafuta ugonjwa au upungufu, usilainishe. Hugin inaweza kukutolea kila picha ikiwa imeshapangwa mahali pake lakini haijachanganywa wala kurekebishwa mwanga. Zinaonekana kama viraka, ndiyo, ila kila kiraka kimebaki na rangi iliyopigwa. Na bado ingia shambani ugeuze majani: njano iliyoanzia majani ya chini yaliyozeeka inaelekeza kwenye naitrojeni, iliyoanzia majani machanga ya juu ni habari nyingine. Hakuna picha ya mbali itakayokuambia hilo.

Vipi kuhusu vipimo?

Wengine mmeniuliza kama picha pana inaweza kupima eka. Haiwezi. Picha iliyozungushwa kutoka sehemu moja inapinda mistari, na cha mbali kinabanwa. Ukitaka picha yenye vipimo unahitaji ndege nyuki iliyopiga kutoka juu, picha zikilaliana asilimia 70 na zaidi, kisha programu kama WebODM, ambayo nayo ni huria. Hivyo ndivyo ramani za Zanzibar zilivyotengenezwa kuanzia 2016, na hapa Mwanza wengi mnakumbuka mashindano ya ndege nyuki ya Lake Victoria Challenge mwaka 2018. Lakini kurusha kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na WebODM inataka kompyuta yenye RAM GB 16 ndiyo uone raha. Kwa robo eka, futi kamba inatosha.

Tulivyopiga mara ya pili

Tulienda saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Simu niliishika wima, ikakaa pale pale hewani na mimi ndiye niliyeizunguka. Mara ya kwanza nilikuwa nasogea hatua kila picha, kumbe ukisogea, vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali na programu inachanganyikiwa. Mwanga niliufunga kwa kubonyeza skrini kwa muda mrefu. Kila picha ikalalia mwenzake kama theluthi hivi.

Ila jambo lililosaidia kuliko programu yoyote lilitoka kwa yule binti mwenyekiti. Alikata mambo saba, akayapaka rangi nyeupe na kuandika namba kubwa: 10, 20, 30 mpaka 70. Tukayasimika kwa futi kamba kutoka ukingo wa maji kuelekea kwenye tuta la kwanza, yakapita katikati ya matete. Sasa Hugin ikapata pointi zisizofanana na zisizoyumba. Na mtu yeyote anayeiangalia picha, hata kama hajui kompyuta, anahesabu. Namba ikirukwa, kuna kipande kimemezwa.

Tumepeleka ombi upya wiki iliyopita: picha iliyoungwa, zile 9 za asili kwenye flashi, na karatasi ya vipimo tuliyosaini wote. Kwenye picha namba zote saba zinasomeka, ila 40 imeinama kidogo, ng'ombe wa jirani aliigonga. Majibu bado. Yakitoka nitawaambia, na kama Hugin inakusumbua kuipakua niambie, ninayo kwenye flashi, njoo ofisini na laptopu yako.