Kwa Nini Ni Vigumu Kubadili Mfumo Endeshi wa Kompyuta?

Mwalimu wa somo la kompyuta huulizwa mara kwa mara swali hili: iwapo Linux hupatikana bila malipo, kwa nini ofisi nyingi huendelea kulipia Windows? Jibu la haraka ni kuwa watu hupenda walichokizoea. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mazoea huweza kubadilishwa kwa mafunzo ya majuma machache; kuna kifungo kingine kigumu zaidi, nacho kimo ndani ya programu zenyewe.

Programu haifanyi kazi peke yake. Inapotaka kufungua faili au kupeleka ukurasa kwenye printa, haiigusi mitambo moja kwa moja, bali huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Maombi haya yana majina na taratibu maalumu, na kila mfumo una yake. Programu iliyoandikwa kwa taratibu za Windows haieleweki na Linux, hata kama kompyuta ni ile ile. Tena, kati ya programu na mfumo huwa kuna maktaba, yaani mafungu ya maagizo yaliyokwisha kuandikwa ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Maktaba moja huweza kuitegemea nyingine, na hiyo ikaitegemea ya tatu. Likikosekana fungu moja tu, programu haifunguki.

Hebu tuutazame mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la mji huo liliamua kuachana na Windows NT 4 na kuhamia Linux. Kuiweka Linux katika kompyuta hakukuwa ndiko kugumu. Ugumu ulikuwa katika violezo vya barua, fomu na makro ambavyo idara zilikuwa zimejitengenezea kwa miaka mingi ndani ya Microsoft Office. Makro ni programu ndogo iliyofichwa ndani ya waraka. Huenda aliyeiandika ni karani aliyekwisha kustaafu, na hakuna anayekumbuka kuwa ipo mpaka siku inapogoma. Mji ulilazimika kuunda programu yake, WollMux, ili kuvishughulikia violezo. Aidha, wataalamu wake walifuata njia ya busara: kwanza waliweka OpenOffice na Firefox juu ya Windows ile ile, na mfumo wenyewe ukabadilishwa baadaye. Kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Hata hivyo, programu kadhaa maalumu zilibaki zikihitaji Windows, na mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi huko. Siasa zilihusika pia, lakini utegemezi uliobaki ndio uliozipa hoja.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Mwaka 1999, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Jaji Thomas Penfield Jackson alieleza kuwa Windows ilikuwa na programu zaidi ya 70,000, ilhali OS/2 Warp ya IBM, hata katika kilele chake, ilikuwa na zipatazo 2,500. Wanunuzi huufuata mfumo wenye programu nyingi, na waandishi wa programu huufuata mfumo wenye wanunuzi wengi. Mgeni aanzie wapi?

Njia mojawapo ni mkalimani. Programu iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993, hupokea maombi ya Windows na kuyageuza kuwa ya Linux. Njia nyingine, na kwa maoni yetu iliyo bora, ni kutumia programu zinazopatikana katika mifumo yote, kama ilivyokuwa OpenOffice, ambayo toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice, lilitolewa mwaka 2004.

Zoezi: Wanafunzi wachague kompyuta moja ya shule na kuorodhesha programu zinazotumika katika muhula mmoja. Kwa kila programu waeleze inahifadhi faili za aina gani, kama ipo nyingine iwezayo kuzifungua bila kuharibu mpangilio, na kama inahitaji kifaa fulani cha nje. Waanze na jedwali la matokeo ya mitihani, kwani humo ndimo makro hupenda kujificha.