SOMO: MBOGA MLANGONI, MTOTO MGONGONI

Mama akienda kuchuma chai ya watu kutwa nzima, mtoto mchanga huachiwa uji. Lakini miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, hata maji hayahitajiki. Basi mama apate pesa wapi? Apande chinsaga karibu na mlango.

1. Lima kitalu, changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri.
2. Panda kwa mistari. Mbegu ni ndogo, zifukie kidogo tu.
3. Baada ya wiki 4 hadi 6 anza kuchuma. Maua yakitokea yakate, majani yazidi.
4. Kila wiki 2 panda kitalu kingine, usikose cha kuuza.

Funga mafungu, mwenzako ayapeleke sokoni Nyacheki. Mauzo yaandikwe kwa daftari. Usiuze yote: anayenyonyesha naye ale mboga, si makombo.

Na baba je? Achote maji, na pesa hiyo asiiombe ya pombe.

Maswali ya kikundi
- Nani kwetu ana mtoto mchanga?
- Wiki hii ni zamu ya nani kumpelekea mboga sokoni?

Someni pamoja Mithali 31.