Ukitumwa Kukusanya Fasihi Simulizi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wanafunzi wa Kiswahili, Kenya na Tanzania, hutumwa na walimu wao kukusanya fasihi simulizi: vitendawili, miiko, utani, nyimbo za kubembelezea watoto, desturi za familia. Wengi huifanya kazi hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi, kwa kunakili kitabuni. Huo si ukusanyaji, ni wizi wa alama. Anayetaka kuifanya kwa heshima inayostahili na afuate haya.

FANYA

1. Anza nyumbani kwenu. Jina la utani la mjomba na kisa chake, chakula kisichokosekana asubuhi ya Idi, wimbo wa kuruka kamba wa wadogo zako, utani wa Mchaga na Mpare: vyote vinafaa kukusanywa.

2. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Eleza unarekodi nini na nani atasikia. Mzee akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono. Akikataa kuandikwa, shukuru uage. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hata zisingekuwepo, adabu ingetosha kukuzuia kurekodi bila ruhusa.

3. Andika mazingira na maana. "Usifagie usiku, utafukuza baraka. Chanzo: bibi" haitoshi. Rekodi iliyokamilika husomeka hivi: "Bibi mzaa mama, miaka 70 hivi, Tanga mjini, jikoni baada ya chakula cha usiku. Alimkemea mjukuu aliyeshika ufagio. Aliusikia mwiko huu kwa mama yake. Anasema zamani taa zilikuwa hafifu, na pete ikidondoka ilizolewa pamoja na taka." Alan Dundes, aliyefundisha Berkeley, Marekani, kuanzia 1963 hadi kifo chake 2005, alijenga hifadhi kubwa kutokana na kazi za wanafunzi wake, akiwataka waandike nani kasema, katika mazingira gani, na maana yake.

4. Mtaje mwenye mali. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Jina lililokaa jaladani ni la mhariri, Carl Velten. Usiirudie dhuluma hiyo. Msimulizi akitaka jina lake lifichwe, lifiche. Akitaka litajwe, liandike kamili.

USIFANYE

1. Usinakili kitabuni wala intanetini. W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wa methali za Waswahili tangu 1891, na baada yake wamekuja wengi. Methali zenyewe zimo vitabuni. Unachotakiwa kuleta wewe ni nani kaitumia methali juzi, akimwonya nani, na aliyeonywa alijibu nini.

2. Usisahihishe lugha ya msimulizi. Bibi wa Mombasa akisema "ndia", usimwandikie "njia". Akichanganya Kiswahili na Kidigo, andika mchanganyiko huo kama ulivyotoka kinywani mwake.

3. Usikate mianzo na maitikio. "Paukwa!" na "Pakawa!" ni sehemu ya hadithi. Kitendawili kina "Tega!", na walioshindwa hutoa mji kabla ya kupewa jibu. Ukiandika swali na jibu tu, mchezo wote umeuacha nje.

4. Usidadisi siri. Mafunzo ya jando na unyago yana wenyewe. Ukiambiwa "hayo hayasemwi kwako", funga daftari. Kumrekodi mtu kwa siri baada ya kukukatalia ni usaliti, hata kama kazi itapata alama zote.

5. Usibuni. Kitendawili ulichotunga mwenyewe ukambandikia babu yako ni uongo, na atakayeisoma kazi yako miaka 30 ijayo hatakuwa na njia ya kuugundua. Ukipata vitendawili vitatu vya kweli, kabidhi vitatu.

6. Usiondoke moja kwa moja. Kabla ya kukabidhi kazi, rudi kwa msimulizi, msomee ulichoandika, umwachie nakala. Akisema hayo si maneno yake, kazi hiyo haifai kukabidhiwa: anza upya.